Dawa ya Moyo wa Mhindi: Nakuru kati ya Pareto, Sumu na Nyigu

Mkulima wa Njoro anayeingia agroveti mwezi wa Mei kutafuta dawa ya funza wa mahindi ana nafasi kubwa ya kutoka na kichupa cha pairethroidi, kemikali iliyobuniwa maabara kwa kuiga sumu ya ua la pareto. Kichupa kimetoka ng'ambo. Ua lenyewe lilivunwa kwa miongo kadhaa Molo, Elburgon na Kuresoi, likasagwa na kukamuliwa mjini Nakuru, na kwa muda mrefu sehemu kubwa ya pareto ya dunia nzima ilitoka Kenya. Kwa nini basi mahindi ya Nakuru hayakutibiwa na dawa ya Nakuru? Jibu linahitaji zaidi ya miaka mia moja ya historia, na si historia ya dawa peke yake.

Majivu, moto na aseniki: kabla ya 1930

Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900, bonde la ufa la kati lilikuwa nchi ya malisho ya Wamaasai. Mkataba wa 1904 uliwaondoa kutoka maeneo ya Naivasha na Nakuru, na walowezi wakagawiwa ardhi. Lord Delamere alianza Njoro mwaka 1903. Alijaribu kondoo, kisha ngano, na kutu ya ngano ikamtia hasara kubwa. Walowezi wengi waliomfuata walikimbilia mahindi. Wareno walikuwa wameyaleta mahindi pwani karne nne nyuma, lakini aina iliyotanda bondeni baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Hickory King yenye punje nyeupe pana, ilipitia Afrika Kusini.

Adui alikuwa anawangoja. Funza wa bua, ambaye wanasayansi humwita Busseola fusca, ni Mwafrika halisi. Aliishi kwenye mtama na manyasi ya mwitu kabla ya mahindi kufika, na jina lake la kisayansi lilitolewa mwaka 1901 Afrika Kusini, ambako mashamba makubwa ya mahindi yalitangulia. Kuyaelewa maisha yake ni kuelewa habari yote inayofuata. Nondo hutaga mayai nyuma ya ala ya jani. Viwavi wakianguliwa hupanda hadi moyo wa mhindi, pale majani machanga yanapojikunja kama faneli, wakala humo kwa siku chache, kisha wakatoboa na kuingia ndani ya bua. Wakishaingia, hakuna dawa ya kupulizwa itakayowafikia. Dirisha la kuwaua ni fupi, na liko mahali pamoja: moyoni.

Kuna jambo la pili, la nyanda za juu hasa. Msimu wa Nakuru ni mmoja mrefu: watu hupanda Machi au Aprili na kuvuna Oktoba au Novemba. Kiangazi kikija, funza hulala ndani ya mabua makavu na kuamka na mvua. Ushauri wa kwanza wa serikali ya kikoloni kwa hiyo ulikuwa kuyachoma mabua au kuyazika. Ulikuwa ushauri mzuri ambao haukufuatwa sana, kwa sababu bua kavu ni lishe ya ng'ombe, ni ua, ni kuni. Vibarua waliolima kishamba chao kando ya shamba la bwana walitia majivu au udongo mkavu moyoni mwa mhindi, na mbinu hiyo bado haijafa.

Kemikali iliyoenea mashambani bondeni wakati huo haikuwa ya funza bali ya nzige. Makundi yaliyoivamia Kenya kuanzia 1928 yalipigwa vita kwa pumba zilizochanganywa na aseniki. Iliua nzige, na iliua mifugo pia.

Ua kutoka Dalmatia: 1928 hadi 1945

Mwaka huohuo wa nzige, mlowezi Gilbert Walker alileta mbegu za pareto nchini. Ua hilo jeupe lenye kitovu cha manjano asili yake ni Dalmatia, kwenye pwani ya bahari ya Adria, na wakati ule Japani ndiyo iliyolikuza kwa wingi kuliko nchi yoyote. Pengine lingebaki bustanini kama bei ya mahindi isingeanguka. Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 uliwaacha walowezi na maghala yaliyojaa na benki mlangoni. Kila zao lililokuwa jepesi kusafirisha na ghali kwa kilo likawa tumaini, na pareto ilikuwa na sifa hizo zote mbili. Kwa hiyo ni mahindi yaliyoipa pareto nafasi, kwa kushindwa sokoni.

Nyanda za juu zilimfaa mgeni huyu. Pareto hutaka usiku wa baridi ili ichanue, na kuanzia mita 2,000 hivi kwenda juu, kuelekea Molo na Mau, maua yalivunwa miezi mingi mfululizo, wakati Japani na Dalmatia zilivuna mara moja kwa mwaka. Kiasi cha sumu ndani ya ua, kati ya asilimia 1 na 2, kilikuwa cha kuridhisha. Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono: kuchuma ua moja moja, kulikausha, kulipeleka. Wachumaji wengi walikuwa wanawake na watoto, na ujira wao ulikuwa mdogo.

Desemba 1941 Japani iliingia vitani dhidi ya Marekani, na pareto yake ikatoweka kwenye soko la nchi za Magharibi. Majeshi yaliyokuwa yakipigana kwenye nchi za malaria yalihitaji dawa ya mbu, na makopo ya kupulizia waliyobeba wanajeshi wa Marekani yalijazwa pareto. Serikali ya kikoloni iliwahimiza walowezi kupanda kwa bidii. Kufikia mwisho wa vita Kenya ilikuwa imeshika nafasi ya kwanza duniani.

Hapa ndipo swali la mahindi linapojibiwa kwa mara ya kwanza. Sumu ya pareto huushambulia mfumo wa neva wa mdudu kwa kasi ya ajabu. Mbu huanguka ndani ya dakika. Haidhuru sana wanyama wenye damu moto, ndiyo maana makapi yaliyobaki baada ya kukamuliwa yalilishwa ng'ombe. Lakini jua huivunja ndani ya saa chache. Kwa mbu wa chumbani hilo si kasoro. Kwa funza ambaye huanguliwa leo, kesho, na keshokutwa katika mimea tofauti ya shamba moja, dawa inayokufa kabla ya jioni ni hasara, na bei yake ilikuwa ya kumfaa mnunuzi wa New York kuliko mpanda mahindi wa Rongai.

Unga mweupe: 1945 hadi 1964

Nguvu ya DDT ya kuua wadudu iligunduliwa mwaka 1939 na Paul Müller wa Uswisi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Ilikuwa kinyume cha pareto katika kila jambo lililohusu shamba. Ilikuwa rahisi. Ilikaa. Chembe chache za unga wake zikidondoshwa moyoni mwa mhindi zilimngoja funza kwa wiki kadhaa, mvua na jua visizitikise. Kwa mara ya kwanza dirisha lile fupi lilifunguliwa kwa upana.

Sioni sababu ya kuwacheka waliofurahia. Mkulima ambaye baba yake alitia majivu na kuomba sasa alishika kitu kilichofanya kazi kila mara. Maafisa wa kilimo waliipendekeza DDT kwa funza wa bua, na ikawa hivyo kwa zaidi ya kizazi kimoja.

Bei ya pareto iliyumba baada ya vita, na wengi walidhani mwisho wake umefika. Iliokolewa na hofu ya ng'ambo. Kitabu cha Rachel Carson cha mwaka 1962 kiliwaamsha Wamarekani kuhusu DDT inayojikusanya ndani ya ndege na samaki, na mwaka 1972 Marekani ikaipiga marufuku mashambani. Dawa inayokufa upesi ikawa sifa. Kwa hiyo katika miaka ileile ambayo mwenye nyumba Marekani alinunua pareto ya Molo kwa kuogopa DDT, mkulima wa Molo alitia DDT kwenye mahindi yake.

Ukweli ni kwamba njia ya tatu nayo ilikuwa inajulikana. Mwaka 1938 wataalamu wa Kenya walileta nyigu wadogo kutoka Uganda ili wawashambulie vidung'ata weupe wa kahawa waliokuwa wakiiangamiza kahawa ya nyanda za juu mashariki mwa bonde la ufa, na walifaulu vizuri sana. Somo hilo halikuvuka hadi mahindi. Kahawa ni mti unaosimama shambani miaka mingi, na nyigu wana makao. Mahindi hung'olewa kila mwaka, na wenye mashamba makubwa walikuwa tayari na mashine za kutia dawa.

Mbegu chotara na binamu wa pareto: 1964 hadi 1986

Uhuru ulibadilisha sura ya mashamba kabla ya kubadilisha dawa. Miradi ya makazi iliyoanza mapema miaka ya 1960 iligawa mashamba ya walowezi kuwa vipande, na pareto ikahamia mikononi mwa wakulima wadogo waliouza kupitia vyama vya ushirika. Ilifaa sana kwa shamba dogo lenye watoto wengi: ilileta pesa kila mwezi na haikuhitaji trekta. Bodi ya Pareto, na kiwanda chake Nakuru, ikawa sehemu ya maisha ya mji. Karo nyingi za shule zilitoka kwenye hundi zake.

Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa mbegu chotara H611, na ndugu zake wakafuata. Chotara zilienea kwa wakulima wadogo kwa kasi ambayo haikuonekana mahali pengi Afrika. Mavuno yalipanda. Thamani ya kila mmea ilipanda pia, na pamoja nayo hasira ya kumwona funza ndani yake. Mtu aliyenunua mbegu na mbolea hakutaka kuacha dawa. Mbegu, mbolea na dawa vikawa kifurushi kimoja kichwani mwa mkulima na katika vijitabu vya serikali.

Wakati huohuo maabara za Ulaya na Marekani zilikuwa zinalifumua ua la pareto. Staudinger na Ruzicka walichapisha mwaka 1924 uchambuzi wao wa molekuli zake. Mwaka 1949 Wamarekani wakatengeneza alethrini, ya kwanza ya bandia, lakini nayo haikuvumilia jua. Pigo kubwa lilitoka Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, ambako Michael Elliott na wenzake walitangaza permethrini mwaka 1973, kisha deltamethrini mwaka uliofuata. Waliihifadhi tabia ya pareto ya kumwangusha mdudu, wakaondoa udhaifu wake mbele ya jua. Sasa pareto ingeweza kukaa moyoni mwa mhindi. Ila haikuwa tena pareto ya mtu yeyote wa Nakuru.

Kenya ilipiga marufuku matumizi ya DDT katika kilimo mwaka 1986, baada ya sheria ya 1982 kuunda bodi ya kudhibiti dawa za wadudu. Nafasi ya unga mweupe ilichukuliwa na punje za pairethroidi, zinazodondoshwa kwa vidole vitatu moyoni mwa kila mmea. Mkono ulifanya kazi ileile. Ni mfuko tu uliobadilika.

Nyigu wa pwani, nyigu wa bara: miaka ya 1990

Thomas Odhiambo alianzisha ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, jijini Nairobi mwaka 1970 akiamini kwamba Waafrika wanaweza kuwachunguza wadudu wao wenyewe kwa kiwango cha juu kabisa cha sayansi. Miaka ishirini baadaye kituo hicho kiliwageukia nyigu ili kumdhibiti funza wa mahindi. Pwani kulikuwa na mvamizi kutoka Asia, Chilo partellus, na mwaka 1993 watafiti waliachilia huko nyigu aitwaye Cotesia flavipes, aliyeletwa kutoka Pakistani. Nyigu huyu huingia ndani ya bua akimfuata funza, humdunga na kutaga mayai mwilini mwake. Mabuu yakianguliwa humla kutoka ndani. Alishika mizizi na kuenea.

Nakuru haikufaidika. Funza wa nyanda za juu si yule wa Asia, na mwili wa Busseola una ulinzi wake: chembe za damu huyazingira mayai ya nyigu mgeni na kuyakaba. Watafiti walipomchunguza nyigu mwenyeji, Cotesia sesamiae, walikuta jambo la kuvutia zaidi. Jamii yake ya pwani nayo hushindwa na Busseola, mayai yake hukabwa vilevile. Jamii ya bara, iliyokusanywa Kitale, huushinda ulinzi huo. Ni nyigu wa jina moja, asiyetofautiana kwa macho, lakini amezoeana na adui wa mahali pake. Kwa maoni yangu huo ndio ugunduzi muhimu kuliko wote katika habari hii, kwa sababu unaonyesha kwamba msaidizi wa mkulima wa Njoro alikuwa shambani muda wote, akipigwa dawa pamoja na funza.

Kule Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, Zeyaur Khan wa ICIPE na wenzake waliunda mbinu ya sukuma-vuta. Desmodiamu ikipandwa kati ya mistari ya mahindi hutoa harufu inayomfukuza nondo. Majani ya napia yaliyozunguka shamba humvuta akatage huko, ambako viwavi wengi hufa. Mwaka 1997 walichapisha kwamba aina nyingine ya nyasi ikichanganywa na mahindi huwaita Cotesia sesamiae na kuwaongezea kazi. Mshirika wao alikuwa Rothamsted, kituo kilekile cha permethrini. Mbinu ilienea zaidi magharibi mwa nchi, ambako desmodiamu ilikomesha pia kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Nakuru haina kiduha cha kutisha, na mkulima asiyebanwa na matatizo mawili hana haraka ya kupanda dawa badala ya kuinunua.

Hundi zilizochelewa

Pareto ilianguka wakati sayansi ya nyigu ilikuwa inapanda. Mapigano ya kikabila ya mwaka 1992 yaliwafukuza wakulima kutoka Molo na maeneo jirani. Tasmania ilianza kuvuna kwa mashine kile ambacho Kenya ilichuma kwa mkono. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 malipo ya wakulima yalichelewa kwa miezi, kisha kwa miaka. Zao lililowahi kufikisha zaidi ya tani 17,000 za maua makavu kwa mwaka likashuka hadi mamia. Watu waling'oa pareto, wakapanda viazi, njegere na mahindi zaidi. Vyama vya ushirika vilivyokuwa vikiwakusanya majirani kupima maua vilififia kimoja baada ya kingine.

Naivasha na suke lisilo na funza

Kilomita sabini hivi kusini mashariki mwa mji wa Nakuru, hali ilikuwa tofauti. Makampuni ya Naivasha yaliyouza maua na mboga Ulaya yalibanwa na masharti ya mabaki ya dawa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalianza kufuga wadudu rafiki kando ya ziwa, hasa utitiri wanaokula utitiri mwekundu wa waridi. Hakuna aliyefanya hivyo kwa upendo wa nyigu. Mnunuzi wa London alikataa mzigo.

Mahindi matamu yanaonyesha wazi kwa nini soko huchagua dawa. Huvunwa punje zikiwa na maziwa, wiki tatu hivi baada ya ndevu kutokeza, na kwenye ndevu ndipo nondo wa kiwavi wa masuke, Helicoverpa armigera, hutaga mayai. Dawa nyingi za kemikali hudai siku kadhaa kati ya kupulizwa na kuvunwa, na mvunaji wa mahindi matamu hana siku hizo. Mkulima wa mahindi makavu akikuta funza kwenye ncha ya gunzi huikata ncha akaendelea kupukuchua. Mnunuzi wa suke bichi anayelimenya na kukuta funza halirudii. Kwa hiyo mimea na vimelea vina nafasi yao hapo: bakteria Bacillus thuringiensis, mwarobaini, hata pareto, zote huruhusu kuvunwa haraka. Udhaifu ule wa 1945, wa kufa jioni, sokoni hapo ni faida. Lakini ekari za mahindi matamu ni chache, na mahindi ya ugali ni bahari.

Mgeni wa 2017

Ugonjwa wa kuangamiza mahindi uliotokea Bomet mwaka 2011 ulifika Nakuru haraka, ukibebwa na vithripi, vidukari na mbawakawa. Mwaka 2013 kituo cha kupima mbegu zinazouvumilia kilifunguliwa Naivasha. Wakulima wakazoea kupiga dawa mapema zaidi.

Kisha viwavijeshi vamizi. Walionekana Afrika Magharibi mwaka 2016 na kufika Kenya mwaka 2017. Nondo mmoja hutaga zaidi ya mayai elfu moja na husafiri mamia ya kilomita kwa upepo. Viwavi wake hula moyo wa mhindi na kuuziba kwa kinyesi, wakijikinga na dawa. Tofauti na funza wa bua, mgeni huyu alitoka Amerika akiwa tayari amezoea kemikali nyingi, zikiwemo pairethroidi katika baadhi ya nchi za huko. Serikali iligawa dawa. Wakulima walichanganya walichopata, wengine wakatia majivu, mchanga, sabuni ya unga. Mkono ulirudi pale pale moyoni.

Safari hii nyigu hawakusubiri. Ndani ya miaka miwili watafiti walikuta nyigu wa Afrika Mashariki, akiwemo Cotesia icipe, wakimshambulia mgeni. Telenomus remus, nyigu anayetaga ndani ya mayai ya nondo, alikutwa tayari Kenya bila kuletwa na mtu yeyote. ICIPE ilianza kuwazalisha na kuwaachilia mashambani. Nzige waliorudi mwishoni mwa 2019, waliofika hadi Elburgon Machi 2021, walizimwa kwa kemikali kwa sababu hakukuwa na muda wa jambo jingine. Viwavijeshi hawaondoki, kwa hiyo muda upo.

Pareto nayo imerudi kidogo. Sheria ya 2013 ilifungua usindikaji kwa makampuni binafsi, na serikali ya kaunti imegawa miche Molo na Kuresoi. Utomvu bado unakwenda ng'ambo. Kazi ya nyigu ndiyo ngumu zaidi kuipanga, kwa sababu haiuzwi kwa kichupa. Nyigu aliyeachiliwa kwa Kamau huvuka ua kwa Cherono, na akimkuta Cherono amepiga pairethroidi asubuhi hiyo, hafiki mbali. Inabidi majirani wakubaliane tarehe za kupanda na za kupiga dawa, shamba kwa shamba, na mahali walipozoea kukutana na kukubaliana mambo ya aina hiyo palikuwa kwenye mizani ya ushirika wa pareto.